Magadi ya Silantoi

Watu wa kwao walisema Silantoi amekwenda Dodoma kusomea mawe, na kila waliposema hivyo walicheka. Mawe wanayo tele. Ukilima huku magharibi ya Mlima Meru, jembe hugonga jiwe kabla halijaonja udongo, na mtu kukaa miaka yote hiyo darasani ili arudi kuwaambia wenzake kwamba hili ni jiwe, ilikuwa habari ya kuchangamshia harusi. Silantoi aliwaacha wacheke. Yeye alijua kilichompeleka, nacho kilikuwa miguu ya kaka yake.

Lemburis alizaliwa mzima. Alipoanza kukimbiza ndama ndipo magoti yake yalipoanza kuachana, kidogo kidogo, mpaka akawa na matege ya kutembelea fimbo angali kijana. Wapo waliosema ni laana. Wapo waliosema mama yake aliruka mwiko wakati wa mimba, maana mama ndiye hubebeshwa kila kitu. Kisha, Silantoi akiwa mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri wa jiolojia alichora mlima ubaoni. Akachora majivu na miamba iliyomwagwa na volkano, akachora mvua ikizama humo na kutokea chini imebeba madini ya floraidi, yale ambayo yakizidi huyatia meno rangi ya kahawia na kuipinda mifupa ya watoto. Silantoi aliutazama ule mchoro akaona kisima cha kwao. Alitoka nje ya ukumbi, akalia, kisha akapiga simu nyumbani.

"Yeyo," alimwambia mama yake, kwani ndivyo Kimaa kinavyomwita mama, "Nice asinywe tena maji ya kisima. Wala usimpikie. Mchotee ya kule juu, kwenye chemchemi ya msituni."

Nice alikuwa kitinda mimba, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mama yao, Nkasiogi, hakuuliza maswali mengi. Alimfunga punda madumu, na tangu hapo akawa anawahi kuamka kuliko jirani zake wote, anapanda mlima kufuata maji ya mtoto mmoja, huku kisima kiko pale pale karibu na boma lake. Walimcheka na yeye. Baadaye akina mama wengine wenye watoto wadogo wakaacha kucheka, wakaanza kufuatana naye.

Mwaka wake wa mwisho, Silantoi alirudi nyumbani na vichupa vya sampuli kwa ajili ya utafiti wa shahada. Nice alitoka mbio kumlaki dada yake. Silantoi alikuwa ameshafungua mikono ili amnyanyue, mara akaishusha. Magoti ya mtoto yalikuwa yameanza kuachana.

Ilitakiwa akae kwanza, anywe hata chai, asubiri mpaka watu waondoke. Hakusubiri. Jirani wawili walikuwa wamekuja kumjulia hali msomi, Lemburis naye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na mbele yao wote Silantoi akafungua kinywa.

"Umenidanganya, Yeyo. Umekuwa ukichota kisimani."

"Maji ni yale yale ya juu," Nkasiogi alisema.

"Sasa hii miguu ni nini? Mimi nimesoma haya mambo! Mtoto hapindi miguu kwa maji ya chemchemi. Sema tu kwamba ulichoka."

Nkasiogi alichukua kikapu chake akaenda kuwakatia ng'ombe majani, na wale jirani wakaaga wakiangalia chini.

"Umeongea vibaya," Lemburis alisema.

"Nimeongea kweli."

"Nimekwambia umeongea vibaya."

Silantoi alikuwa na hasira ya mtu mwenye hofu, na hasira ya namna hiyo haisikii la mtu. Kesho yake alipanda mpaka chemchemi akajaza kichupa. Akajaza kingine kisimani. Cha tatu alikijaza kutoka kwenye dumu la jikoni kwa mama yake, wakati mama hayupo, akakiandika jina na kukifunga barabara. Tusimfiche: kichupa hicho hakikuwa cha utafiti. Alikuwa anatafuta ushahidi.

Maabara waliyoruhusiwa kutumia ilikuwa Arusha mjini. Alifanya kazi na Nazir, mwanafunzi mwenzake, mzaliwa wa mjini hapo hapo, ambaye baba yake anauza vipuri vya magari na bado hajamsamehe kwa kuukimbia uhasibu. Nazir ndiye aliyekuwa akisoma namba kwenye kipimo.

"Kisima ni hatari, kama ulivyosema," alisema. "Chemchemi safi kabisa. Na hiki cha tatu..." Akarudia kupima. "Hiki nacho safi. Ni maji ya chemchemi haya haya, Silantoi. Umeyatoa wapi?"

Silantoi alivuta kiti akakaa. Alimwona mama yake njiani na punda, asubuhi baada ya asubuhi, mvua na jua, halafu akajiona yeye mwenyewe akimwambia mbele za watu kwamba alichoka. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ya nyumbani," alisema. "Anayokunywa mdogo wangu."

"Sasa kama floraidi haimo kwenye maji, anakula nini?"

"Anakula tunachokula wote. Makande, maziwa, ugali, ..."

Nazir alidhani anafikiri tu, akaendelea kusuuza vichupa. Lakini Silantoi alikuwa amefika mbali. Alikuwa amefika Ziwa Natron.

Mwaka wa pili chuo kiliwapeleka huko kujifunza kwa macho. Wanafunzi wa Dar walipiga picha. Wa kutoka Arusha, Meru na Moshi walizoa magadi. Hakuna aliyewafundisha, mtu wa huku akipita penye magadi hapiti mikono mitupu, kwa sababu nyumbani kuna mahindi na maharage ya kulainisha, na msafiri harudi bila kitu cha kumpa mama. Silantoi alizoa kiroba kizima. Jioni hiyo hiyo mhadhiri aliwaeleza kwamba chumvi za maziwa kama lile hukusanya floraidi kwa wingi wa kutisha. Silantoi aliandika. Swali lilikuja kwenye mtihani, akalijibu, akapata alama zote. Na likizo ilipofika alibeba kile kiroba mpaka nyumbani, akampa mama yake kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata, walipopelekwa tena, alileta kingine.

Mtu anaweza kujua jambo lote zima na asilijue pale linapomhusu. Silantoi alikuwa akijua habari za magadi kama mwanafunzi, akayabeba kama mtoto wa mama yake, na wawili hao hawakuwahi kukutana mpaka siku ile maabarani.

Alirudi nyumbani, akaomba kijiko kimoja cha magadi bila kueleza, akashuka nacho mjini. Nazir aliyayeyusha kwenye maji safi, akapima, akayazimua, akapima tena. Hakusema namba kwa sauti. Alikigeuza kipimo ili Silantoi asome mwenyewe.

"Pole, dada," alisema.

Silantoi alimkuta mama yake jikoni, akichochea moto. Safari hii hakukuwa na jirani, ingawa Silantoi angetamani wawepo, maana waliolisikia la kwanza walistahili kulisikia na hili.

"Yeyo, maji yako ni mazuri. Nimeyapima. Nilikuonea. Nisamehe."

Nkasiogi aliendelea kuchochea. "Nilijua ni mazuri. Miguu je?"

"Ni magadi. Yote yana floraidi, hata ya sokoni, lakini haya niliyoleta mimi yamezidi. Ni mimi, Yeyo. Nilifundishwa, na bado nikakuletea."

Mama yake akaacha kuchochea. Alitazama kona ya jiko, kwenye ndoo yenye mfuniko, na alipozungumza alizungumza polepole, kama anayehesabu makosa ya mtu mwingine.

"Sisi wakubwa tulipika kwa yale ya sokoni. Ya kwako niliyaweka ya Nice. Chungu chake peke yake. Nilisema haya yameletwa na dada yake, ni meupe, ni mazuri, tusiyamalize sisi ambao tumeshaharibika. Na wale wenzangu tunaopanda nao mlima, wenye watoto wadogo, nikawagawia."

Silantoi alijiinamia akalia kwa sauti. Hakulia vizuri, kama wanavyolia wasomi. Alilia kama mtoto aliyevunja kitu. Nkasiogi hakumkataza. Moto ulipopungua ndipo akauliza, "Itanyooka?"

Maswali mengi Silantoi alikuwa ameyajibu chuoni; hili hakuwahi kuulizwa.

"Sijui. Tukiacha sasa, bado ni mdogo, mifupa yake inakua. Daktari anaweza kumsaidia. Lakini sijui, Yeyo."

"Na ya wale wengine?"

"Sijui."

Nkasiogi aliinuka, akapangusa mikono kwenye kanga. "Basi Jumapili utasema kanisani. Sitaki wasikie kwa uvumi."

Jumapili, baada ya mahubiri, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa alisema binti wa Nkasiogi ana neno. Silantoi alisimama mbele. Utetezi wa utafiti wake mbele ya jopo la walimu haungemtisha namna hiyo. Aliwajua wote. Ndio waliomchangia harambee alipokwenda chuo.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Kwanza, nilimsema mama yangu vibaya, na baadhi yenu mlikuwepo. Nilisema anachota kisimani. Si kweli. Hajawahi. Pili, magadi niliyoyaleta kutoka Ziwa Natron yana sumu ile ile ya kisimani, tena zaidi. Yanapinda miguu ya watoto. Niliyaleta mimi. Mama hakujua. Mimi nilikuwa nimefundishwa. Naomba aliyepewa ayamwage leo, na hata haya ya sokoni tusiwapikie watoto."

Manung'uniko yakaanza upande wa wanawake. Aliyesimama alikuwa Mama Sankale, ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa amemlalia mapajani. Alikuwa amembeba kwa mkono mmoja.

"Bibi zetu walipika kwa magadi," alisema. "Wewe binti ulitwambia maji, tukapanda mlima na watoto mgongoni. Leo unatwambia chungu. Mwakani ukirudi utatwambia nini? Hewa?"

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hapo ndipo Silantoi alipoogopa kweli, kwa sababu aliona jambo lote linageuka mzaha, watu wanajiandaa kwenda nyumbani kupika kama jana. Alitafuta maneno. Yote aliyoyapata yalikuwa ya darasani.

Ndipo Nkasiogi aliponyanyuka kwenye benchi. Alikuja mbele amemshika Nice mkono, akapita karibu na binti yake mkubwa bila kumtazama, akasimama kati yake na watu. Aliinama, akalishika pindo la gauni la Jumapili la mtoto, akalipandisha juu ya magoti.

"Huyu hajanywa kisimani hata siku moja," alisema. "Mama Sankale, tumepanda wote. Wewe ni shahidi yangu. Tazama."

Nice, ambaye hakuelewa kwa nini kanisa zima linamtazama miguu, alijaribu kulishusha gauni kwa mkono wake mwingine. Mama yake alilishikilia. Machozi yalikuwa yakimtoka sasa Nkasiogi, waziwazi, na hakuyafuta.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Sankale akaketi, akamwamsha mwanawe taratibu, akamsimamisha sakafuni kati ya mabenchi, akambana visigino pamoja, na kuanza kumtazama magoti.