Watoto wa Chinita

Dada yangu Ermelinda hana mzaha na chinita. Mdudu huyo mwekundu mwenye madoa meusi akitua mkononi mwake, husimama wima, hunong'ona ombi lake, na ole wako upige chafya kabla hajaruka. Hapa mjini kwetu Limache wengi tunaamini chinita hutimiza maombi, ila yeye amezidi.

Mwaka huu ombi lilikuwa moja: maharage yapone. Mwanawe Rolando alikuwa anarudi kutoka migodi ya kaskazini, na alishaagiza sufuria ya maharage mabichi na mahindi. Lakini vidukari walijaa kwenye mashina wakifyonza utomvu, kisha vikatokea vidudu vyeusi vyenye miiba, sura kama mamba. Dada akabeba bomba la dawa.

"Bibi, usipige!" Maite, binti wa Rolando, alitoka mbio na kitabu cha picha alichoazima shuleni. "Hao ni watoto wa chinita! Wanakula vidukari. Tazama hapa!"

"Chinita alivyo mrembo azae kioja hiki? Aliyechora alikuwa amelewa."

"Hata wewe ulipozaliwa ulitisha," nikamwambia. "Mama alisimulia."

Maite alilia hadi dada akalegea. Wakatia kidudu kimoja kwenye chupa pamoja na vidukari. "Akitoka chinita, sawa. Asipotoka napiga dawa, na maharage yakifa mtamweleza Rolando nyinyi!"

Bustanini hakutaka tena hata kuchungulia. Kidudu kikala, kikanenepa, kikajigandisha kwenye kioo na kutulia tuli. Asubuhi moja ganda likapasuka, akatoka mdudu wa manjano asiye na doa hata moja.

"Haya! Kitabu chenu kinadanganya!" Dada akaliendea bomba.

"Geuza ukurasa, Bibi. Madoa huja baadaye."

Akakaa, bomba magotini, akimkodolea macho mdudu. Kufikia chai ya jioni madoa yalikuwa yamejitokeza na rangi imekolea. Dada akainuka na chupa mkononi, akaenda bustanini. Mashina yalikuwa safi, na maharage yalikuwa yametoa maua.

Akafungua chupa, chinita akampanda kidoleni.

"Omba, Bibi, haraka!"

Dada yangu, ambaye hajawahi kukosa la kuomba, alitikisa kichwa huku machozi yakimtoka. "Nililoliomba nimepewa na hawa hawa niliotaka kuwaua. Leo nasema asante tu."