Punje Sikioni mwa Tobia

Siku arobaini na moja Tobia hakugusa boha, ile pombe ya miwa, na kijiji kikamcheka kuliko alipokuwa akilala mtaroni. Watu hao! Mlevi walishamzoea, mtu wa kuchomwa sindano masikioni hawakujua wamweke wapi. Wenzake wa kilabuni walimkwepa. Nyumbani alikula peke yake, maana mkewe Paskalina alikuwa amerudi kwao Mlola tangu mwaka ule wa 1974 ulipoanza.

Kila Alhamisi daktari wa Kichina alifika kwenye zahanati ya kijiji cha ujamaa, akamchoma sindano nyembamba kila sikio, akamwacha akae kimya. Kabla ya kuhamishwa, daktari huyo alimbandikia sikioni punje ya mbegu kwa plasta. Nesi Rahabu akafasiri: "Hamu ikikushika, bonyeza punje. Inakusaidia tu. Kuacha utaacha mwenyewe."

Basi Tobia akaenda kumrudisha mkewe. Mila ilitaka awapelekee wakwe boha, naye akaibeba kibuyuni kutoka kijijini kwake Lukozi hadi Mlola, harufu ikimpanda puani njia nzima. Alibonyeza sikio mpaka likauma.

Baba mkwe, mzee Yohane, alikuwa uani na ndugu zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, onja."

Aletaye boha hutangulia kuonja, wenyeji wajue haina sumu wala kinyongo. Jambo alilolijua Tobia tangu utotoni, na kwa kuhangaikia harufu ya njiani akalisahau!

"Baba, nimeacha. Nikimeza funda moja, nimerudi kule kule."

"Boha usiyoionja hatuinywi," mzee akasema. "Na mke hatukupi."

Paskalina alikuwa mlangoni, hatua kumi tu. Funda moja, na wangeondoka wote wawili. Tobia akakitua kibuyu, akaaga.

Paskalina alimfuata hadi migombani. Akasogeza uso, akanusa pumzi yake kama alivyoinusa kila jioni kwa miaka saba. Machozi yakamtoka.

"Hunuki," akasema.

"Twende basi."

"Bila neno la baba siwezi." Akaigusa ile plasta, akarudi uani.

Tobia akaishika njia peke yake. Upweke ulimuuma kuliko hamu yoyote ya pombe. Karibu na Lukozi, penye kilabu, alipeleka kidole sikioni akakuta plasta imebanduka kwa jasho, punje haipo. Akabonyeza pale pale, akapita.