Magadi Kwenye Maziwa ya Jioni

Juu ya mlango wa darasa moja, katika shule iliyo juu kidogo ya Mweiga, mtu alikuwa ameandika MAABARA kwa rangi ya buluu. Ndani hamkuwa na hata njiti ya kiberiti. Mwalimu Watiri, aliyeletwa pale kufundisha sayansi kwa mkataba, alicheka alipoyaona maandishi hayo, kisha akakasirika, kisha akaenda sokoni kununua kabeji ya zambarau.

Kabeji hiyo aliikatakata, akaichemsha kwenye jiko la mpishi wa shule, akapata maji ya zambarau. Akawaonyesha watoto. Tone la ndimu, maji yakawa mekundu: hiyo ni asidi. Chembe ya magadi, yale ambayo kila mama wa pale huyatia kwenye githeri ili mahindi yaive upesi, na maji yakawa kijani: hiyo ni besi. Watoto walipiga kelele hadi mwalimu mkuu akaja kuchungulia dirishani. Tangu siku hiyo wakawa wanaleta vitu vya nyumbani kwenye vikombe vya plastiki, majivu, siki, povu la sabuni, na hata wale waliokuwa wakisinzia tangu chekechea wakaanza kubishana juu ya besi njiani. Watiri alijiona amepata dawa ya kila kitu. Maskini.

Aliyewapita wote alikuwa Monicah, binti wa mjane mwenye ng'ombe mmoja. Wenzake waliuliza maji yatakuwa rangi gani. Yeye aliuliza kwa nini. Watiri alikuwa ameapa moyoni kwamba kama kuna mtoto mmoja wa kutoka shule ile atakayeingia maabara ya kweli siku moja, basi ni huyu. Kilichotakiwa ni asikose shule, na karo yake yote ilikuwa ikitoka kwenye chuchu za yule ng'ombe.

Ndipo ikaja siku ya maziwa. Watiri aliwaambia kila mmoja alete kidogo kutoka kwao, waone jinsi maziwa yanavyogeuka asidi yakichacha. Somo jepesi, tena la kitabuni. Wakatia maji ya kabeji. Vikombe vingi vikawa na rangi hafifu ya zambarau, vichache vikawa na wekundu. Lakini vinne vikawa kijani, na maziwa hayana haki ya kuwa kijani.

"Nani anaweza kueleza?" Watiri akauliza, na hapo ndipo alipokosea, maana hakuwa amefikiri.

Wenye vikombe vitatu waliangalia viatu vyao. Monicah akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo yetu iko na magadi. Maziwa ya jioni inalala mpaka asubuhi, na ikianza kuchacha mkaguzi wa chama anairudisha. Kwa hivyo mama anaweka magadi kidogo. Magadi ni besi, inamaliza ile asidi."

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyowahi kusikia darasani, na Watiri alimpigia makofi. Ndiyo, alipiga makofi. Darasa zima likapiga naye, na Sophie, binti wa Mzee Wamae, akapiga kuliko wote.

Sophie hakuwa na ubaya. Alifika nyumbani amejaa furaha ya sayansi, akamsimulia baba yake habari za kikombe cha kijani. Sasa, Wamae ndiye aliyepokea maziwa ya chama cha wafugaji, na wiki hiyo hiyo kiwanda kilikuwa kimewarudishia tangi zima kwa sababu ya magadi. Wafugaji wote walikuwa wakimtafuta mchawi. Sasa wamempata.

Watiri alimfuata Wamae penye mitungi ya maziwa asubuhi iliyofuata, akamkuta tayari amemkataza mama Monicah kuleta maziwa.

"Baba Sophie, ni mjane. Mpe onyo tu."

"Mwalimu, tangi mzima tumemwaga kwa mtaro. Watu wako na hasira. Nikimwacha huyu, watasema nakula naye."

"Lakini si yeye peke yake!" Maneno yalimtoka kabla hajayazuia.

Wamae akaweka mtungi chini. "Ati si yeye peke yake? Basi nitajie hao wengine, leo hii."

Watiri alikuwa na majina yao yote mdomoni. Angeyataja, Monicah asingepata chochote, na watoto wengine watatu wangemfuata nje ya shule. Asingeyataja, msema kweli angebeba mzigo wa wote. Husemwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa, lakini Mungu ana wapenzi wengi sana ambao hawana ng'ombe. Watiri akaaga bila kumtaja mtu. Wamae akamtazama kidogo, akauchukua mtungi wake.

Mama Monicah alijaribu kuuza maziwa kwa majirani, lakini habari ilikuwa imemtangulia kila lango. Mwishowe ng'ombe akapelekwa soko la Chaka. Watiri alipofika kwao alikaribishwa vizuri, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angetukanwa.

"Utanisamehe, Mwalimu, chai ni strungi, maziwa hakuna," mama alisema akimpa kikombe. "Hiyo magadi, mimi sikujua ni makosa. Si tunaweka kwa githeri na tunakula na watoto? Ningeweka sumu kwa maziwa ya watu?"

"Najua, mama."

"Monicah anaenda Kagio kwa shangazi yake. Yuko na kibanda cha kuuza nyanya, atamsaidia kuchagua."

"Na shule?"

"Tutaona."

Watiri alikuwa amekaa milimani muda wa kutosha kujua maana ya tutaona.

Monicah alimsindikiza hadi kwenye lami. Alikuwa amevaa sweta ya nyumbani, na bila sare alionekana mkubwa ghafla. Walitembea mpaka wakasikia magari.

"Mwalimu," akasema, "siku ile, kama ningesema sijui, ningekuwa nimekosea?"

Watiri alitaka kumdanganya, akashindwa. "Ndiyo. Ungekuwa umekosea."

"Na ningekuwa shule."

"Ndiyo."

Monicah akaitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyozoea kufanya akielewa somo. Halafu akampa mwalimu wake mkono, akamshukuru kwa kumfundisha, akarudi nyumbani kufunga nguo zake.