Siku Tano za Zita

Maneno yale Evodia aliyaokota sokoni Milanzi alikokwenda kununua chumvi. Aliyemwambia ni Tereza, muuza ulezi, mwanamke ambaye hajapata kulala na neno tumboni.

"Mama Zita, umesikia ya yule bosi wa Mtowisa?"

"Bosi gani?"

"Jina lake nani alijue! Alipelekwa kozi ya wakubwa, kama hiyohiyo ya mwanao. Kusoma mchana, kusoma usiku. Karudi likizo, asubuhi wanamkuta zizini anawahutubia ng'ombe. 'Waheshimiwa wajumbe,' anawaambia. Na ng'ombe wametulia wanacheua."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha debe. Evodia naye alicheka, ila kicheko kiliishia menoni. Chumvi aliisahau palepale mezani. Maneno ndiyo aliyofika nayo nyumbani.

Zita, binti yake wa kwanza, alikuwa meneja wa ushirika wa wakulima wa mahindi na ulezi. Mwaka huu alichaguliwa kwenda Morogoro kwenye mafunzo ya viongozi, wiki nane, darasani tangu asubuhi, na jioni kazi za vikundi. Wiki ya nne akaanguka mbele ya wenzake. Daktari alimpima akakuta presha imepanda. Akamwambia: siku tano hizi za mapumziko ya katikati nenda kapumzike kweli, kwa maana ukirudi hivi ulivyo sitaandika kwamba uendelee. Na nafasi ile, ukiiacha, haikurudii.

Kwa hiyo Zita alipoteremka kwenye basi Jumatano jioni, macho mekundu na midomo imemkauka, mama yake alikuwa na jambo moja tu kichwani: huyu apumzike, hata kama ni kwa nguvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Ingia ndani."

Zita alipokwenda kuoga, simu yake ililia juu ya kitanda. Ikanyamaza, ikalia tena. Evodia aliitazama kama mtu anavyotazama siafu mlangoni. Akabonyeza kitufe cha ubavuni mpaka kioo kikawa cheusi, akaifunga kwenye kitambaa, akaizamisha ndani ya kihenge cha ulezi, mkono mpaka begani. Akajipangusa, akasonga ugali.

"Mama, umeiona simu yangu?"

"Simu? Labda umeiacha kwenye basi."

Ulikuwa uongo mfupi, wa maneno matano tu. Evodia aliona ni kama dawa chungu: mtoto anakunja uso kidogo, halafu anapona.

Lakini Zita hakukunja uso kidogo. Alikaa kitandani, mikono juu ya magoti. Kompyuta aliiacha chuoni makusudi, ili isimfuate. Kurasa zote za kazi ya kikundi chao, pamoja na takwimu za ushirika alizokusanya yeye, zilikuwa ndani ya simu ile. Namba za wenzake pia, maana siku hizi nani anazihifadhi kichwani? Alhamisi alikwenda stendi ya mabasi, akaambiwa asubiri gari lirudi. Ijumaa akaenda tena, na mvua ikamkuta njiani. Kondakta akaapa hajaona kitu. Chakula alikigusagusa tu. Kila kulipokucha Evodia alimkuta ameamka zamani, anatazama dari.

"Lala mwanangu. Pumzika."

"Nimelala mama," anajibu, na macho yanasema vingine.

Jumamosi asubuhi Evodia alitoka kuwafungulia mbuzi, akasikia sauti nyuma ya banda. Akanyata, akachungulia. Zita alikuwa amesimama mbele ya mbuzi watatu, kitenge begani, kidole juu.

"Waheshimiwa wajumbe," alisema Zita, "tatizo letu la kwanza ni maghala."

Mbuzi mmoja akapiga chafya. Evodia akahisi ardhi ya Ufipa yote inamkimbia miguuni.

"Yesu na Maria! Mwanangu! Nitazame! Mimi nani?"

Zita aligeuka. "Mama?"

"Taja jina langu!"

"Evodia. Mama, vipi? Nafanya mazoezi. Wiki ijayo tunawasilisha mbele ya bodi, na kurasa zimepotea, kwa hiyo najaribu kuzikumbuka kwa kichwa. Nimekuja huku nisikuamshe."

Evodia alikwenda ndani, akazamisha mkono kwenye kihenge mpaka begani, akarudi na kile kitambaa kinachuruzika ulezi. Akaiweka simu mkononi mwa binti yake.

Zita alipangusa punje za ulezi kwenye kioo.

"Mama. Nina miaka arobaini na miwili."

"Najua. Nilikuzaa mimi."

"Nimekwenda stendi mara mbili. Nimemtukana kondakta wa watu."

"Nilidhani nakuponya."

Zita hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Evodia zaidi. Aliiwasha simu, akampigia Ndalahwa, mwenzake wa kikundi. Sauti ya Ndalahwa ilisikika mpaka kwa mbuzi:

"Dada Zita! Upo hai? Tulikupigia Jumatano kukwambia. Ulipoondoka kuwahi basi tukakubaliana, kazi hakuna kuigusa mpaka turudi. Mimi mwenyewe nimelala tangu juzi, mke wangu anadhani naumwa!"

Zita alikata simu, akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. Aliizima simu mwenyewe, akaiweka dirishani wazi wazi, akaingia kulala.

Siku tatu zilikuwa zimeliwa. Zilibaki mbili.

Jumapili Evodia alikwenda misa peke yake. Binti kurudi kutoka mbali asionekane kanisani ni jambo la kusemwa, na lilisemwa. Baada ya misa wakaja: shangazi na jogoo wake, kijana wa ushirika na barua ya kusainiwa, Tereza na macho yake. Evodia aliweka kigoda mlangoni, akakalia.

"Tumekuja kumsalimia bosi."

"Bosi yuko Morogoro. Humu kuna mtoto amelala."

"Hata tumwone tu!"

"Tereza, mtu aliyelala anaonwa nini?"

Zita aliamka saa tisa mchana, akala ugali wa ulezi na maharage, akaongeza, akalala tena.

Jumatatu aliamka akaomba jembe. Ulikuwa wakati wa kupindua nyasi na kuzifukia katika matuta ya mviringo, yale tunayoyaita ntumba, zioze kwa ajili ya ulezi wa mwaka ujao. Evodia alitaka kusema, "Jembe la nini, wewe si mgonjwa?" Akauma ulimi. Wakalima wawili mpaka saa nne. Zita alikuwa akisimama, anatazama milima, anavuta pumzi, wala mtu hakumuuliza anawaza nini. Walizungumza habari za mvua. Walipochoka wakaketi.

Jumanne akaondoka. Alhamisi alipiga simu: daktari amempima, presha imeshuka, si sana, lakini ameandika aendelee.

"Na zile siku tatu mama, ungeniachia," akasema.

"Ningekuachia," Evodia akakubali.

Kwa mama yeyote ambaye mtoto wake, hata awe mzee kiasi gani, anarudi kupumzika katikati ya masomo, ya kuepuka ni haya:

Usimfiche simu. Mwache aizime mwenyewe.

Usimdanganye kwa ajili ya afya yake.

Usimwambie "pumzika" kila saa.

Usiite ndugu. Wakija, kaa mlangoni.

Usimwamshe kwa ajili ya chakula. Funika sahani.

Usimpangie namna ya kupumzika. Akitaka kulala alale, akitaka jembe mpe.

Usibebe maneno ya sokoni kuhusu mtu asiye na jina.