Mayai ya Kuazima

...na maji yenyewe leo yanatoka kama yamelazimishwa, uzi mwembamba tu, birika la saruji la bafuni hata nusu halijafika, basi sawa, Meli akajiambia, likijaa natuma, si kabla, likifika ukingoni nabonyeza na yaishe, na simu kaishika mkono wa kushoto, nguo bado ziko mwilini, taulo begani, ujumbe umekaa pale kwenye kioo tangu asubuhi, Baba, nisamehe, nataka kurudi nyumbani, siku tatu anatafuta maneno na mwisho yakaja hayo matano, maana ukianza kueleza utaeleza nini, kwamba mtoto aliyesindikizwa na Maubisse nzima, aliyevishwa shingoni kitambaa ambacho mama yake alikifuma miezi miwili, ameshindwa kukaa Yogyakarta, huku Indonesia, kwa sababu ya chakula cha mchana? Chakula cha mchana! Lo, Meli... watacheka, Timor yote itacheka, mlima kwa mlima... na si chuo kilichomshinda, hapana, chuo anakiweza, juzi mwalimu wa somo la dawa kamtaja kwa jina zima, Ermelinda Soares, alama za juu, darasa likageuka kumtazama, ni huku mtaani, ni zile hatua mia mbili kutoka kituo cha basi mpaka hii nyumba ya kupanga, ni ule mlango wa bluu wa Bu Tarmi, Bu ndiyo mama kwa watu wa hapa, bibi mjane mwenye ufagio, aliyekuwa akimwambia kila mchana akipita, pita ndani, mwanangu, karibu, karibu, kwa ile sauti laini ya watu wa hapa, na Meli kwa wiki mbili akajibu asante, na wiki ya tatu, njaa inauma, upweke unauma kuliko njaa, akasema haya, akavua kandambili mlangoni, akaingia.

Akaingia! Kwao Maubisse ukiambiwa ingia unaingia, ukikataa umemtukana mwenye nyumba na wazazi wake, na akaketi, akala, akaongezewa, akala tena, akauliza ile picha ukutani ni ya nani, wakazungumza, yaani yeye alidhani wanazungumza, mpaka saa kumi alasiri, akarudi hapa kifua mbele, akawaambia wenzake jikoni nimepata bibi, na Retno wa chumba cha pili, Retno mwenye mdomo usiofungwa, akaangusha mwiko, “Dada! Uliingia kweli?” “Si ameniita?” “Dada wee, ile ni karibu ya mdomoni! Unasema asante Bu, siku nyingine, halafu unashika njia! Na chakula nacho ukala?” Sahani mbili, akasema Meli, na jiko zima likacheka, si kwa ubaya, Retno hana ubaya, lakini kicheko kikamwingia na hakijatoka, maana tangu siku ile anajuaje, mtu akimwambia njoo tule, anajuaje, akiambiwa njoo tusome pamoja Jumamosi, asante, siku nyingine, njoo ukae na sisi, asante, siku nyingine, mwezi mzima anasema siku nyingine mpaka watu wameacha kumwita, na Bu Tarmi mwenyewe sasa akimwona kwa mbali anaingia ndani, ufagio na yote, amechoshwa naye, ni haki yake, na Meli siku hizi anazunguka kwa fundi pikipiki, robo saa zaidi juani, ili tu asiuone ule mlango wa bluu... na mtu hawezi kuishi miaka minne hivyo, hawezi, Bikira Maria, anazunguka watu na mtaa na maneno... jaa basi, birika, jaa niondoke.

Sauti uani. Ukuta wa bafu una matundu juu, kila kitu kinaingia, mvuke wa wali, moshi, Bu Wiwik mwenye nyumba anacheka na mtu, na huyo mtu wa pili... Meli akatega sikio, sauti laini ile, ile ile, Bu Tarmi amekuja mpaka hapa, amekuja kushtaki, “...mpaka saa kumi, Bu,” “Saa kumi!” “Na sahani mbili,” ikapita pikipiki ikameza maneno, Mungu wangu, wanahesabu na sahani, mjini mote sasa nitaitwa sahani mbili, kidole kikasogea kwenye kioo, birika au si birika natuma sasa hivi, “...sasa ndiyo napata akili,” Bu Wiwik anasema, “kumbe ndiyo siku uliyonijia mlango wa nyuma huku unahema, mayai mawili, Bu, upesi, mayai mawili!”

Mayai gani? Kidole kikabaki hewani.

“Ningefanyaje? Miaka thelathini nawaambia wapita njia karibu, karibu, kama mtu anavyokohoa, hajaingia hata mmoja. Mara naona binti anavua kandambili! Na mimi jikoni nina wali wa mtu mmoja na tempe za soya za jana!” “Ukamwacha mgeni peke yake?” “Nikamwambia naenda kulisha kuku.” “Kuku gani, Bu Tarmi, kuku wako si walikufa wote kwa kideri mwaka juzi!” Na wote wawili wakaangua kicheko, na Meli ndani ya bafu akakumbuka, ndiyo, kuku, alikwenda kulisha kuku, alikawia, akarudi jasho linamtoka, na Meli alikuwa amekaa pale anajisemea mbona sisikii kuku hata mmoja... “Mayai ya kuazima, Bu. Mtoto wa watu katoka nchi nyingine, kaingia kwangu kwa heshima, kauliza habari za marehemu mume wangu, nani anauliza siku hizi, hata wanangu hawaulizi, na mimi nampa mayai ya kuazima. Tangu hapo hapiti. Kaona ufukara wangu, kakimbia. Mimi nikimwona najificha ndani kwa aibu.” “Na yeye anazunguka kwa fundi pikipiki kwa aibu,” akasema Bu Wiwik, “Retno kaniambia. Wazima nyie?”

Ameona aibu. Yeye! Meli akaketi kwenye ukingo wa birika, baridi ya saruji ikapita kwenye kitenge, hakujali, mwezi mzima, yule mlangoni kwake anajificha, huyu kwa fundi anajificha, mwezi mzima wa jua bure, kwa mayai mawili, na yalikuwa matamu, haki ya Mungu yalikuwa matamu, akataka kucheka, machozi yakatangulia, akaona raha, raha tupu...

“Nimepata mafenesi mawili machanga ya kupika,” Bu Tarmi anasema, “vidole vyangu haviwezi tena kuyamenya. Binti yupo?” “Yupo anaoga. Lakini sema kweli, Bu, hii ni karibu ya mdomoni au vipi?” “Nimebeba visu viwili na mafuta ya nazi ya kupaka mikono, utomvu usitushike. Mtu wa karibu ya mdomoni anabeba visu?”

Visu viwili. Nyumbani mgeni hapewi kisu, mgeni anapewa kiti, kisu anapewa wa nyumbani... kidole kikashuka, akafuta nyumbani, akafuta kurudi, akafuta nataka, akafuta nisamehe, Baba akamwacha, akaandika upesi, Baba, nitumie kahawa yetu, mfuko mkubwa, nilikwenda kwa watu mikono mitupu, akabonyeza, ikaenda, “Meli! Meli wee, unaitwa!” “Nakuja, Bu!” akapaza sauti papo hapo, na kutoka chumba cha pili Retno naye akapaza yake, “Dada, unakataa kwanza! Mara mbili!” lakini Meli alikuwa amekwisha kuweka taulo begani vizuri, ataoga baadaye, na maji yanatoka uzi ule ule mwembamba, birika halijafika hata nusu.