Dawa Isiyo na Harufu

"Mtoeni na fundi! Taratibu na huo mguu!"

Mpishi wa meli ndiye aliyekuwa akifoka. Alikwisha kutoa masufuria, unga na magodoro, hata maji ya kunywa aliyamwaga yote baharini, yasije yakaingia sumu. Sasa mabaharia wawili walimbeba fundi wa injini, aliyeng'atwa na panya kidole cha mguu. Homa ilikuwa siku ya nne haijamwacha. Wakamlaza kwenye sitaha, juani, maana kivuli chote kilikuwa ndani, na ndani ndiko kulikopuliziwa dawa.

Mpuliziaji alisimama mlangoni, pampu mgongoni, haya imemjaa. Pampuni mlikuwa na maji ya bomba. Dawa ya panya na viroboto ilikwisha idara ya afya ya bandari mwaka juzi. Ada ya afya haikukwisha, ilipanda, na kila meli iliilipa kwa kuwa bila cheti cha kupuliziwa dawa haing'oi nanga. Hata pampu ilikuwa mpya, haijawahi kuonja dawa.

Bwana Afya, mkubwa wake, alijikalia hapo sitahani kwenye kiti cha nahodha akigonga mihuri kwenye vyeti na kutafuna karanga za watu.

"Mbona hainuki?" mpishi aliuliza.

"Dawa za kisasa hazinuki," alijibu Bwana Afya, mdomo umejaa.

Mpishi akamgeukia mpuliziaji. "Turudi ndani baada ya muda gani, kaka?"

Ulimi ukamponyoka kwa mazoea. "Saa sita."

"Haya, jamani, mmesikia. Asiingie mtu."

Wakakaa. Watu wazima, wamejikunyata juu ya bati la moto, wakiogopa maji ya bomba. Hakuna aliyenung'unika, na hilo ndilo lililomchefua mpuliziaji. Wangemtukana ingekuwa nafuu. Aliyaona makombo ya karanga kwenye kitambi cha mkubwa wake, akajiona na yeye yumo humo humo, kombo mojawapo.

"Maji," fundi alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Vumilia, ndugu yangu," mpishi alimbembeleza. "Watu wa bandari wameniahidi kuniletea pipa la maji jioni."

Jioni! Mpuliziaji alimwangalia fundi, kisha akaivua pampu mgongoni. Akafungua kifuniko, akachukua kikombe kwenye rundo la vyombo, akakijaza.

"We!" Bwana Afya alinyanyuka, karanga zikamwagika. "Una wazimu? Kazi huitaki?"

Mpuliziaji alikunywa kikombe chote mbele yao, kwa mikupuo mitatu, akajifuta mdomo. Kisha akakijaza tena, akampa mpishi.

Mpishi alikinusa. Alimtazama Bwana Afya, aliyekuwa bado na muhuri mkononi, halafu akapiga magoti na kuinua kichwa cha fundi.

Fundi alikunywa mpaka tone la mwisho.

"Kipo kingine?" aliuliza.

"Ipo pampu nzima," mpuliziaji alisema.