Sindano ya Pili

Kijitabu wanachopewa madaktari wa mafunzoni kilikuwa na mambo mengi ya maana: weka blanketi na koleo garini, funga minyororo kwenye magurudumu kabla ya kupanda mlima, usitegemee simu ukishavuka daraja la pili. Annika Sorley alikisoma chote kabla ya kuja huku juu milimani Montana, kwenye hospitali ya vitanda vinane. Kuhusu asubuhi kama ile hakikusema neno.

Dakta Haugen, msimamizi wake, alikuwa ameteremka bondeni kumwona mgonjwa, na theluji ikafunga barabara nyuma yake. Saa nne Junie Dacey akasimamisha pikapu mlangoni. Mumewe, Orville, alikuwa amebanwa na fahali kwenye uzio.

"Wewe ndiye daktari?" Orville aliuliza, akitweta kila neno. "Nilidhani... umekuja... kuuza biskuti... kama binti wa shule."

Annika alijaribu kutabasamu, uso ukagoma. Alisikiliza kifua. Kulia pumzi zilisikika. Kushoto, kimya. Mishipa ya shingo ilikuwa imetuna, na midomo ya mzee ilishaanza kuwa ya buluu.

Alijua ni nini. Hewa ilikuwa imevuja kutoka kwenye pafu, ikajaa kifuani, na sasa inauminya moyo. Ilibidi itobolewe njia kwa sindano. Kazi hiyo alishaifanya mara tatu, zote kwa mwanasesere wa plastiki.

"Helikopta?" Annika aliuliza.

"Wamekataa. Mawingu yamekaa juu ya paa," alijibu Verna, muuguzi aliyekuwa pale tangu Annika hajazaliwa. "Na Haugen hapatikani."

"Verna, mimi siwezi."

"Utaogopa baadaye, binti yangu. Mimi namshika, wewe choma."

Alichoma. Hakikutoka kitu. Macho ya Orville yakaanza kupanda juu, na Junie, aliyekuwa amekamata buti la mumewe, akaacha kusali.

"Kifua kinene hiki," Verna alisema polepole. "Shika hii ndefu."

Vidole vikitetemeka, Annika aliupapasa ubavu, akapita juu yake, akaisukuma sindano. Hewa ikafoka kama tairi lililotobolewa. Orville akavuta pumzi moja ndefu, kisha nyingine, na damu ikarudi usoni.

Haugen alifika saa tisa, nyuma ya greda la theluji, akamkuta mzee ameshawekewa mpira wa kutolea hewa kifuani na analalamikia supu. Annika hakuwepo. Junie ndiye aliyemkuta stoo, amekaa sakafuni katikati ya mashuka, meno yakigongana.

"Nusura nimuue, mama."

"Najua. Nilikuwa naiangalia mikono yako." Junie akaketi kando yake, akampa kikombe. "Kunywa kahawa. Halafu twende, anakuulizia."